Riwaya za Vijana Kuhusu Wavulana, Shinikizo la Rika na Utambulisho: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo walimu wa Kiswahili, wazazi, wakutubi na waandishi chipukizi nchini Uganda huyarudia kila riwaya za vijana zinapotajwa. Majibu yanaanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali za nadra. Kila jibu linajitegemea, na pale jambo lilipokwisha kuelezwa, msomaji ataelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Riwaya ya vijana ni ipi hasa?

Ni riwaya ambayo mhusika wake mkuu ana umri wa takriban miaka 12 hadi 18, na ambayo huyatazama mambo kwa macho ya umri huo. Sharti la pili ndilo gumu. Mtu mzima anayeukumbuka ujana wake anajua tayari mambo yaliishia wapi, na ujuzi huo hupenya katika sentensi zake bila yeye kukusudia: anamhurumia mhusika, anamkosoa, anamwonya msomaji kabla ya wakati. Kijana aliyemo ndani ya kisa hana nafasi hiyo. Kwake, kuona wenzake wamehama meza aliyozoea kula nao ni msiba kamili, na riwaya nzuri huupa msiba huo uzito wake wote.

Kitabu cha watoto kwa kawaida humrudisha mhusika nyumbani salama. Riwaya ya vijana yaweza kumwacha njiani, akiwa amebadilika na bado hajui aelekee wapi.

2. Kwa nini wavulana wapewe riwaya zao?

Juhudi za kumwelimisha na kumlinda mtoto wa kike nchini Uganda ni za haki, na kazi hiyo haijaisha. Hata hivyo, katika hadithi nyingi zilizotokana na juhudi hizo mvulana huingia kwa sura moja tu: ndiye anayempa msichana mimba, ndiye anayeuza dawa za kulevya nje ya lango la shule, ndiye anayevizia njiani. Mvulana wa miaka 14 anayesoma vitabu kumi vya namna hiyo hujifunza kwamba yeye ni hatari inayongojwa kutokea. Anahitaji pia kujikuta kwenye ukurasa akiwa na hofu, wivu, aibu na upendo, kwa kuwa anavyo vyote hivyo na mara chache huulizwa habari zake.

3. Shinikizo la rika huonekanaje katika hadithi ya kuaminika?

Waandishi wengi wachanga huanza na kundi linalomzunguka mvulana na kumwambia anywe, la sivyo si mwanamume. Hali hiyo hutokea, lakini si ya kawaida kama tunavyodhani. Mara nyingi hakuna anayesema lolote. Mvulana mwenyewe hupiga hesabu ya kitakachowapendeza wenzake, akatangulia kukifanya: hucheka mzaha ambao haukumchekesha, hubadilisha mwendo wake anapokaribia kibaraza wanapoketi, huficha alama nzuri za hisabati, huacha kumsalimu rafiki wa zamani ambaye kundi halimpendi. Shinikizo la kimya kama hili ni gumu kuliandika, na ndilo msomaji kijana analolitambua mara moja kuwa lake.

Jambo la pili, ambalo nalishikilia kuliko yote yaliyomo katika ukurasa huu, ni kwamba kundi humpa mvulana vitu vya kweli. Humpa jina la utani, na jina hilo ni ishara kwamba ameonekana. Humkinga dhidi ya wakubwa wa kidato cha juu. Humwekea sehemu ya chakula anapochelewa, na mara nyingi ndilo la kwanza kutambua kwamba anaumwa. Mwandishi anayezificha faida hizi ili kundi lionekane ovu tangu mwanzo hujinyang'anya kisa, kwa sababu msomaji hataelewa kwa nini kijana mwenye akili timamu alibaki humo. Uchungu wa riwaya huanzia pale watu waliomfanya ajisikie yupo wanapomtaka afanye jambo ambalo hawezi kulifanya bila kujipoteza.

4. Utambulisho unaingiaje hapo?

Mvulana hajiulizi yeye ni nani akiwa peke yake chumbani. Huuliza kwa kujaribu kuwa wa watu fulani, na hujibiwa kwa kukubaliwa au kukataliwa. Nchini Uganda majibu yanayogombania nafasi ndani yake ni mengi: ukoo, lugha ya nyumbani, msikiti au kanisa, shule aliyofaulu kuingia na ile aliyoikosa, mtaa, na hata klabu ya mpira ya Uingereza anayoishabikia. Mvulana wa Arua anayesoma Kampala anaweza kuwa watu watatu tofauti kwa wiki moja, akajichosha kwa kuhakikisha hawakutani. Mwandishi asitafute mada mbili hapa. Kundi analolichagua na mtu anayetaka kuwa ni swali moja.

5. Je, hadithi za aina hii ni ngeni Uganda?

La. Mwaka 1953 Okot p'Bitek alichapisha kwa Kiacholi riwaya kuhusu kijana anayekwenda Kampala kutafuta mahari, na humo tayari mna haja ya kuhesabiwa miongoni mwa wanaume na aibu ya kushindwa. Kilicho kichache ni riwaya zinazomlenga msomaji kijana mwenyewe, na hasa kwa Kiswahili.

6. Kwa nini ziandikwe kwa Kiswahili katika nchi ambako wengi huandika kwa Kiingereza au Kiganda?

Kwanza, wasomaji wapo na wanaongezeka. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza kutumika mwaka 2020 umekifanya somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Wanafunzi hawa husoma vifungu vya ufahamu, kisha hukosa kitabu cha kusoma kwa hiari chenye maisha yanayofanana na yao.

Pili, kuna wavulana ambao tayari wanaishi ndani ya lugha hii: watoto wa kambi za jeshi na polisi, wa miji ya mpakani kama Busia na Malaba, wa West Nile (kaskazini-magharibi mwa nchi), wa familia za Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudani enzi za ukoloni, na wa makazi ya wakimbizi kama Nakivale na Kyangwali. Kwa muda mrefu raia wengi, hasa wa Buganda, walikihusisha Kiswahili na askari na ukali wa miaka ya mapinduzi, na amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 ya kukifanya lugha ya taifa haikuondoa hofu hiyo. Mvulana wa kambini anayekisema darasani kwa hiyo hubeba historia ambayo hakuitunga, na hilo peke yake linatosha kuwa kiini cha riwaya.

## Kuandika

7. Nimwandikeje kiongozi wa kundi bila kumfanya shetani?

Mpe kitu anachokipenda na kitu anachokiogopa, kisha mwonyeshe akikosea hesabu angalau mara moja. Kiongozi wa wavulana kwa kawaida ndiye anayesoma nyuso za wenzake haraka kuliko wote. Anajua nani ana njaa, nani ana aibu ya viatu vyake, nani hajatembelewa na mzazi tangu muhula uanze. Kipawa hichohicho ndicho anachokitumia kuwafunga. Msomaji akimpenda kidogo, atamwelewa mhusika mkuu.

Epuka kumpa sababu moja ya utotoni inayoeleza kila kitu, kama vile baba mlevi. Wako wavulana wengi wa baba walevi ambao ni wapole, na msomaji wako huenda ni mmoja wao.

8. Wavulana hawazungumzii hisia zao. Nitazionyeshaje?

Kwa mambo wanayoyafanya badala ya kuzungumza. Mvulana aliyeomba msamaha kimoyomoyo huleta nusu ya kikomando chake (chapati iliyokatwakatwa na maharage) na kukisukuma mezani bila neno. Mwenye huzuni huchokoza ugomvi. Anayempenda rafiki yake humtania kuliko anavyowatania wengine, na mzaha ukikoma ghafla, wote kibarazani hujua kuna jambo. Ziandike sentensi zinazoishia njiani, mazungumzo yanayogeuzwa kuwa habari za mpira, na kazi za mikono ambazo wavulana wawili huzifanya bega kwa bega bila kutazamana, kwa maana maneno yao ya kweli hutoka wakati huo. Mhusika wa miaka 15 anayetoa maelezo marefu na safi kuhusu moyo wake ni mwandishi aliyevaa sare ya shule.

9. Wahusika wazungumze Kiswahili gani?

Masimulizi yanaweza kubaki katika Kiswahili sanifu, na mazungumzo yakafuata watu na mahali. Kijana aliyekulia Nakivale katika familia ya Kikongo hazungumzi kama kijana wa Busia, na yule wa kambini ana lafudhi na amri zake. Ikiwa kisa kiko Kampala, wavulana watakuwa wakizungumza Kiganda na Luyaaye, lugha ya vijana wa mitaani. Katika hali hiyo, waandikie Kiswahili chepesi, chenye sentensi fupi, na uache maneno machache ya Luyaaye mahali ambapo muktadha unayafafanua. Usiazime Sheng ya Nairobi na kuipeleka Kisenyi au Katwe. Msomaji wa Kampala atafunga kitabu ukurasa wa tatu.

Uchaguzi wa lugha pia ni tukio katika hadithi. Mvulana anapobadili lugha mbele ya mama yake na mbele ya kundi, msomaji anaona anayojaribu kuyaficha bila kuelezwa.

10. Nafsi ya kwanza au ya tatu?

Nafsi ya kwanza huleta ukaribu na humruhusu msimulizi kujidanganya mbele ya msomaji, jambo lenye faida kubwa katika mada hii. Nafsi ya tatu hufaa kisa chenye wavulana kadhaa. Anza na ile inayokujia, utaibadilisha ukilazimika.

11. Je, mvulana aliyefanya kosa ni lazima aadhibiwe mwishoni?

Hapana, na mahitimisho ya adhabu yameziharibu riwaya nyingi za vijana katika eneo letu. Mpangilio wake unajulikana: mvulana anafuata kundi baya, anaonywa na mwalimu mwema, anapuuza, anafungwa jela au anakufa, na rafiki yake mtiifu anapata ufadhili wa masomo. Msomaji wa miaka 15 ameshaona mtaani kwamba mambo hayaendi hivyo kila mara. Amemwona aliyefuata kundi akiwa na pikipiki yake ya bodaboda na familia, na amemwona mtiifu akikaa nyumbani kwa kukosa karo. Kitabu kinapomdanganya kuhusu jambo analolijua, anaacha kukiamini kuhusu mambo asiyoyajua.

Hilo halimaanishi matendo yasiwe na matokeo. Matokeo yenye nguvu ni yale yanayotokana na tendo lenyewe: rafiki aliyesalitiwa na ambaye sasa anasalimu kwa adabu kama mgeni, mdogo wake aliyeanza kumwiga, uongo mmoja unaohitaji kulindwa kwa uongo mwingine. Mvulana anaweza kuepuka polisi na mwalimu wa zamu, lakini haya ataamka nayo kesho.

12. Niandike kuhusu pombe, tumbaku na kamari kwa uwazi kiasi gani?

Kwa uwazi wa kutosha ili msomaji aelewe kivutio na gharama, bila kugeuza ukurasa kuwa maelekezo ya matumizi. Jali pia usahihi wa wakati. Vifuko vidogo vya waragi, pombe kali ya Uganda, ambavyo mwanafunzi aliweza kuvificha ndani ya soksi, vilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo visionekane vikiuzwa waziwazi dukani katika kisa cha mwaka 2023. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 21 na imepiga marufuku kuber (tumbaku isiyovutwa kwa moshi) na shisha. Kamari inaruhusiwa kwa mtu aliyefikisha miaka 25 pekee, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016.

Kamari ya mpira inastahili kuandikwa zaidi kuliko inavyoandikwa sasa. Haina harufu mdomoni, haimfanyi mtu ayumbe, na mvulana huweza kuipoteza karo ya muhula mzima huku mzazi akiamini kwamba mwanawe ni shabiki tu. Ndani yake mna urafiki pia: kuchanga pesa pamoja, kuketi pamoja kuitazama mechi, kupoteza pamoja.

13. Watu wazima wawe na nafasi gani?

Wawepo na wawe watu kamili, lakini wasimalizie kisa. Mjomba anaweza kusema neno la maana, kisha uamuzi ubaki kwa mvulana.

## Mandhari ya Uganda

14. Kwa nini riwaya nyingi hupangwa katika shule ya bweni?

Kwa sababu bweni humweka mvulana na rika lake usiku na mchana, mbali na watu wanaolijua jina lake la nyumbani. Sanduku, foleni ya posho (ugali) na maharage, viranja, mapumziko ya Jumapili na siku ya wazazi kutembelea watoto humpa mwandishi jamii nzima yenye tabaka zake. Siku ya kutembelewa hasa ni hazina: kila mvulana anawaona wazazi wa mwenzake, gari walilokuja nalo au bodaboda iliyowashusha, na yote aliyoyasema kuhusu nyumbani kwao hupimwa hadharani.

Jihadhari na jambo moja. Viboko shuleni vimekatazwa na sheria, ikiwemo marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016, ingawa bado hutumika katika baadhi ya shule. Ukiviandika, usiviandike kama utaratibu usio na swali.

15. Naweza kuandika kuhusu Imbalu?

Ndiyo, na mada hii ina utajiri kuliko nyingine yoyote ya Uganda kuhusu mvulana na macho ya watu. Imbalu ni tohara ya Wamasaba, ambao pia huitwa Wagisu; hufanyika katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na msimu hufunguliwa mwezi wa Agosti huko Mutoto, karibu na Mbale. Mvulana hutangaza mwenyewe kwamba yuko tayari, huzunguka kwa ndugu zake akicheza, akipakwa unga na kusindikizwa na ngoma na umati, kisha husimama mbele ya wote bila kutikisika.

Ugumu ni kwamba uamuzi ni wake na wakati huohuo si wake. Wenzake wa umri mmoja wametahiriwa, baba anangoja, wasichana wanaimba, na wapo wanaodharauliwa kwa kuwa walitahiriwa hospitalini. Mwandishi asiye Mmasaba asikimbilie kulaani wala kusifu. Akae na wazee na vijana, asikilize hasa wale waliofurahia, kwa maana fahari yao ni ya kweli na riwaya isiyoweza kuieleza haijaielewa hofu pia. Mvulana anayetaka kusimama kwa moyo wake wote na bado anatetemeka usiku ni mhusika bora kuliko shujaa au mhanga.

16. Kisa changu kinapita miaka ya 2020 na 2021. Nizingatie nini?

Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa madarasa yote hadi tarehe 10 Januari 2022, ingawa katikati baadhi ya madarasa yaliitwa kwa vipindi. Mhusika aliyekuwa na miaka 14 shule zilipofungwa alirudi akiwa na 16, pengine baada ya kufyatua matofali, kuendesha bodaboda au kuvua samaki. Wengine hawakurudi. Anayerudi huketi dawati moja na watoto, huku mfukoni amezoea pesa yake mwenyewe, na kundi lake la kweli sasa liko stendi. Usiyapite masomo ya miaka hiyo kana kwamba yalikuwa ya kawaida.

17. Na wavulana wa makazi ya wakimbizi?

Waandikwe kama wavulana kwanza. Huko Nakivale, wilayani Isingiro, vijana kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia hukutana uwanjani, na Kiswahili mara nyingi ndicho kinachowaunganisha. Shinikizo la kuonekana mkali, la kuificha lafudhi au la kuwa msemaji wa familia mbele ya maofisa linatosha kuijenga riwaya bila kurudia vita katika kila sura.

## Kwa walimu na wazazi

18. Je, kitabu chenye wavulana wanaokunywa au kutoroka hakitamfundisha mwanangu tabia hizo?

Tabia hizo amekwisha kuziona. Kitabu humpa nafasi ya kuzitazama bila kuwa ndani yake na bila kundi kumwangalia usoni. Kinachostahili wasiwasi wa mzazi ni kitabu kinachodanganya, kiwe kinasifu au kinatisha (tazama swali la 11 na la 12). Kisome wewe kwanza, kisha mpe.

19. Mwanangu hasomi kabisa. Nianzie wapi?

Anza na hadithi fupi, yenye mazungumzo mengi, kuhusu jambo analolipenda tayari. Usimtahini baadaye.

20. Nitaijadilije riwaya ya namna hii darasani?

Usianze kwa kuuliza wamejifunza nini, kwa sababu wavulana watakupa jibu unalolitaka na mjadala utakufa. Uliza ni wapi mhusika angeweza kugeuka na kwa nini hakugeuka. Uliza nani katika kundi aliogopa zaidi. Waruhusu wamzungumzie mhusika bila kuwataka waseme habari zao. Watakaotaka watazisema wenyewe. Kumbuka pia kwamba darasa lenyewe ni rika, na mvulana anayejibu anawajibu walioketi nyuma yake kabla ya kukujibu wewe. Kwa sababu hiyo, dakika kumi za kuandika kimya kabla ya mjadala husaidia kuliko swali lolote la ufundi.

## Hali za nadra

21. Naweza kutumia kisa cha kweli cha mwanafunzi ninayemjua?

Tumia hali, usimtumie mtu. Kubadilisha jina pekee hakutoshi pale ambapo shule, wilaya, ajali na mwaka vimebaki vilevile. Changanya visa, hamisha mahali, na ikiwa mwenyewe atajitambua hata baada ya hayo, mwombe ridhaa yake au uache.

22. Mwanamke anaweza kuandika riwaya hizi?

Bila shaka. Dada na mama wamewasikiliza wavulana kupitia ukuta mwembamba kwa miaka mingi. Kazi iliyobaki ni ileile ya swali la 8.

23. Haki yangu inalindwaje, na nichapishe vipi?

Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inamlinda mwandishi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na ulinzi huanza kazi inapoandikwa. Anayejichapishia kitabu huomba ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu, kutoka Maktaba ya Taifa ya Uganda. Kwa muswada wa Kiswahili, ipo pia tuzo iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell na baadaye ikapewa jina la Safal, ambayo imewatoa waandishi wengi wapya katika Afrika Mashariki.

24. Mwanafunzi ameandika hadithi inayonitia hofu kuhusu usalama wake. Nifanye nini?

Usiisahihishe kwanza, na usiisome mbele ya wengine. Mwite faraghani, mwambie umeisoma yote, kisha umuulize waziwazi kama yaliyomo yanamtokea yeye au mtu anayemjua. Wavulana wengi huandika giza kwa sababu wanapenda hadithi za giza, na jibu la hapana laweza kuwa la kweli. Likiwa ndiyo, usimwahidi siri ambayo huwezi kuitunza. Mweleze ni nani utakayemshirikisha na kwa nini. Namba 116 ni simu ya bure ya kuwasaidia watoto nchini Uganda, na mwalimu anaweza kuipiga kama anavyoweza mtoto mwenyewe. Hadithi ibaki mali yake: isichapishwe katika gazeti la shule wala kuonyeshwa wazazi wa wenzake bila ridhaa yake, hata kama ndiyo bora kuliko zote ulizokusanya mwaka huo.